Chama cha Wapenda Maumbile Mjini na Daftari Lake: Somo kwa Vyama vya Msingi

Neno maumbile linapotajwa, watu wengi hufikiria mbuga za mbali, simba na tembo, na magari ya watalii. Ni nadra mtu kufikiria mkuyu ulio kando ya chemchemi ya kijiji, au kundi la mnana wanaofuma viota vyao katika mti ulio mbele ya ofisi ya chama. Hata hivyo, maumbile yanayomlisha mkulima na kumnywesha ni haya yaliyo karibu naye, si yale ya mbali. Na kwa kuwa yako karibu, ndiyo yanayopotea pasipo mtu kugundua.

Makala haya yanaeleza kazi ya chama kimoja cha wapenda maumbile ambacho makao yake yamo mjini, namna kinavyoendesha matembezi yake na kuweka kumbukumbu zake, na jambo ambalo makatibu na wanachama wa vyama vya msingi wanaweza kujifunza kutokana nacho.

CHIMBUKO LA CHAMA

Mwaka 1909 kilianzishwa mjini Nairobi chama cha kuchunguza mimea, wanyama, wadudu na mawe ya Afrika ya Mashariki. Waanzilishi wake walikuwa Wazungu wa zama za ukoloni, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuwa na nafasi ndani yake. Mwaka 1910 chama kilianza kutoa jarida lake, na katika miaka hiyo hiyo kikaanzisha makumbusho madogo. Kutokana na mbegu hiyo yalichipuka makumbusho ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Chama chenyewe kingali hai, nacho siku hizi hujulikana zaidi kwa jina la Nature Kenya.

Katika jambo hili mna funzo la kwanza. Chama kilichoanza kuwa mali ya wachache hakikubaki hivyo. Kilipofungua mlango wake, kazi iliyokuwa starehe ya watu wenye nafasi iligeuka kuwa elimu ya walimu, wanafunzi, makarani, na hatimaye wakulima.

MATEMBEZI YA KILA JUMATANO

Mwaka 1971 Bibi Fleur Ng'weno, mwandishi na mwalimu wa mambo ya maumbile, alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, watu wakikutanika kwenye uwanja wa makumbusho. Matembezi hayo yamedumu kwa zaidi ya miaka 50. Si jambo dogo. Vipo vyama vingi vilivyozaliwa kwa shangwe na hotuba ndefu, visitimize hata mwaka wa tatu.

Siri ya kudumu kwa matembezi hayo haina maajabu. Siku ni ile ile, saa ni ile ile, na mahali pa kukutania ni pale pale. Mgeni hahitaji barua ya mwaliko wala cheti cha shule. Anayejua humwonyesha asiyejua. Wenye darubini huwaazima wasio nazo. Watu hutembea polepole, husimama, husikiliza kwanza ndipo watazame, kwa kuwa aghalabu ndege husikika kabla hajaonekana. Kila aina inayotambuliwa huandikwa, na mwisho wa matembezi orodha huwa imekamilika.

Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na nyingi miongoni mwao zimeonekana ndani ya Nairobi na pembezoni mwake. Mtembeaji hukutana na chozi wanaofyonza maji matamu ya maua, shore wanaopigia kelele vichakani, kwarara wanaochokoa minyoo katika majani ya bustani, na kongoti wakubwa waliojenga viota juu ya migunga iliyo kando ya barabara zenye magari mengi. Hata mabwawa ya kusafishia maji machafu ya jiji, yaliyoko Dandora upande wa mashariki, huvutia ndege wa majini wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi kali ya huko. Mahali ambapo mpita njia huona uchafu mtupu, mwenye daftari huona kituo cha safari ya maelfu ya kilometa.

Vijana kadhaa waliohudhuria matembezi hayo wakiwa hawana ujuzi wowote walikuja kuwa waongoza watalii na watafiti. Hawakulipa karo. Mtaji wao ulikuwa ni kuhudhuria kila Jumatano.

DAFTARI NDILO MALI

Kutembea porini na kufurahi si kosa, walakini furaha huisha jioni ile ile. Kinachobaki ni maandishi. Makatibu wa vyama vya ushirika wanalielewa jambo hili kuliko watu wengine. Mkulima anapoleta kahawa yake kwenye mizani, neno lake halitoshi, na neno la karani halitoshi. Stakabadhi na leja ndizo zinazotosha. Vivyo hivyo kwa maumbile. Mzee anaposema kwamba zamani kijito kilikuwa na maji mengi, wengine watamsadiki na wengine watasema kwamba wazee husifu siku zao siku zote. Endapo yangekuwapo maandishi ya kila mwezi, ubishi usingekuwa na nafasi.

Kwa sababu hiyo wapenda maumbile wa Kenya wamejiwekea taratibu za kuandika. Katika kazi ya kuchora ramani ya ndege, nchi yote imegawanywa katika miraba, kila mraba ukiwa na upana wa kilometa zipatazo 9 na urefu kama huo. Mtu huchagua mraba, hutembea ndani yake si chini ya saa mbili, na huandika kila aina ya ndege kwa mfuatano wa kuonekana. Kazi hiyo haifungwi na siku moja tu. Anaweza kuongeza aina nyingine katika mraba ule ule mpaka siku tano zitimie. Orodha za watu wengi zikikusanywa pamoja, hudhihirika ni wapi ndege fulani yupo, ni wapi amepungua, na ni wapi ametoweka.

Kadhalika kila mwezi wa Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini katika maziwa na mabwawa, sawa na inavyofanyika katika nchi nyingine nyingi duniani. Wanaohesabu wengi wao ni watu wa kujitolea. Hesabu ya mwaka mmoja haina maneno mengi. Hesabu ya miaka 20 mfululizo ni shahidi ambaye hawezi kunyamazishwa.

Lipo sharti moja katika uandishi huu ambalo halina budi kushikwa. Aliyeandika huandika alichokiona au kukisikia, si alichotumaini kukiona. Asiyejua jina huandika sifa za kiumbe: ukubwa, rangi, sauti, mahali alipokuwa na alichokuwa akifanya. Mtu anayejaza orodha kwa kubahatisha ni sawa na karani anayejaza kilo za kubuni. Hasara yake huonekana siku ya ukaguzi.

ARDHI ISIYO NA SHAHIDI

Huenda mwanachama akauliza: orodha ya ndege itamfaa nini mtu? Jibu lake linaonekana katika historia ya misitu ya jiji lile lile la Nairobi.

Msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000, ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya msitu huo iligawiwa kwa siri kwa watu binafsi na makampuni ili wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa harakati ya kupanda miti iliyoanzishwa mwaka 1977 walipinga ugawaji huo. Mwezi Januari 1999 walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti kwenye lango la msitu. Upinzani haukuzimika, na msitu ukabaki. Mwaka 2004 Profesa Maathai alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Leo wakazi wa jiji hutembea chini ya kivuli cha miti ya Karura pamoja na watoto wao.

Ushujaa wa watu hao haulinganishwi na kalamu. Hata hivyo, kila anayesimama kuutetea msitu, chemchemi au bonde la maji huulizwa swali moja: "Kuna nini humo?" Akijibu kwamba mna miti tu, mwenye kuutaka uwanja humwambia kwamba miti inaweza kupandwa kwingine. Akiweza kuonyesha orodha ya miaka mingi ya mimea, ndege, vipepeo na vijito vilivyomo, mazungumzo huanzia mahali pengine. Ardhi isiyo na shahidi huitwa tupu, na ardhi iitwayo tupu haikosi mtu wa kuitaka.

KUTOKA MJINI HADI KWA MKULIMA

Chama cha mjini kingejifungia mjini, faida yake ingekuwa ndogo. Lakini kumbukumbu zake zilionyesha kwamba viumbe vilivyo katika hatari zaidi vinaishi jirani na wakulima, na pengine ndani ya mashamba yao. Mifano mitatu inatosha.

Katika uwanda wa juu wa Kinangop yupo ndege mdogo wa nyasi, mwenye kifua cha njano, asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote ila Kenya. Nyasi anamoishi ni mali ya wakulima wenyewe, nazo zimekuwa zikilimwa mwaka hata mwaka kwa ajili ya viazi na mboga. Mkulima hawezi kuambiwa aache kulima kwa ajili ya ndege, ilhali watoto wake wanahitaji karo. Baadhi ya wakazi walijiunga katika kikundi, wakafuga kondoo katika nyasi hizo, wakasokota sufu na kufuma bidhaa za kuuza huko Njabini. Kondoo akiwa na faida, nyasi zina faida, na ndege hupata mahali pa kutaga.

Mfano wa pili ni wa pwani ya Kenya, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wa wakulima wanaopakana na msitu huo walitamani ukatwe ili wapate mashamba, kwa kuwa waliyoyapata kutoka msituni yalikuwa hasara tupu, yaani tembo na nyani walioharibu mazao. Mwaka 1993 ukaanzishwa huko Gede mradi uitwao Kipepeo. Wakulima hufuga viwavi vya vipepeo kwa majani ya miti ya msituni, nao mabuu yanapofungika huuzwa kwa pamoja kwenye maonyesho ya vipepeo katika nchi za Ulaya na Marekani. Wanaushirika watautambua utaratibu huu mara moja. Wazalishaji ni wengi, mizigo ni midogo, soko ni moja.

Mfano wa tatu unatoka Tanzania, nao una onyo ndani yake. Katika milima ya Usambara Mashariki wakulima wa Amani walianza ufugaji kama huo, wakapata kipato na kujenga mambo ya vijiji vyao. Mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, soko lao lilifungwa kwa siku moja. Kwa hiyo chama kinachotaka kutumia maumbile kama mradi kisiweke mayai yote katika kapu moja, na kisome sheria kabla ya kugawa majukumu.

FAIDA ISIYOPITA KWENYE MIZANI

Faida nyingine haihitaji soko la nje. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika mashamba ya kahawa kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Watafiti walifunika baadhi ya matawi ya mibuni kwa nyavu ili ndege na popo wasiyafikie, na matawi mengine ili nyuki wasiyafikie. Ilidhihirika kwamba pale ambapo wala wadudu waliruhusiwa kufanya kazi yao, matunda yaliyoshika yaliongezeka kwa 9 kwa mia. Na pale ambapo nyuki na wachavushaji wengine waliruhusiwa kuyafikia maua, uzito wa matunda uliongezeka kwa 7.4 kwa mia.

Vibarua hawa hawadai posho, hawaandikwi kwenye orodha ya mishahara, na kwa hiyo hakuna anayehesabu wanapopungua. Mti wa kivuli unapokatwa, au dawa ya wadudu inaponyunyizwa mibuni ikiwa imechanua, mkulima huona akiba ya siku ile tu. Upungufu wa kilo huja baadaye, naye hulaumu mvua. Chama chenye daftari kinaweza kuuliza kama idadi ya ndege na nyuki katika mashamba yake imebaki ile ile.

JE, HILI NI JAMBO LA WENYE NAFASI?

Wapo watakaosema kwamba kutembea na kutazama ndege ni mchezo wa walioshiba. Historia ya ushirika inakanusha. Katika jimbo la Lancashire huko Uingereza, mnamo mwisho wa karne ya 18 na katika karne ya 19, walikuwapo wafumaji wa nguo, watu wa kipato duni kabisa, waliokuwa na vyama vya kuchunguza mimea. Walikutana Jumapili, siku yao pekee ya mapumziko, kila mmoja akileta mmea aliouokota. Walichanga senti kidogo na kununua vitabu ambavyo hakuna hata mmoja wao angeweza kuvinunua peke yake. Ni katika jimbo hilo hilo, mwaka 1844, ambapo wafanyakazi wa mji wa Rochdale walianzisha chama cha ushirika ambacho kanuni zake zinafuatwa mpaka leo. Baadaye walitenga 2.5 kwa mia ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakaweka na maktaba.

Kanuni ya tano ya ushirika ni elimu. Kanuni ya saba, iliyopitishwa mjini Manchester mwaka 1995, ni kuijali jamii, nayo inataja maendeleo endelevu ya jamii ambamo chama kimo. Kwa hiyo chama kinachochunguza mazingira yake hakitoki nje ya njia ya ushirika.

NAMNA CHAMA CHA MSINGI KINAVYOWEZA KUANZA

1. Jambo lipelekwe kwenye bodi na kuandikwa katika muhtasari. Ichaguliwe sehemu moja tu iliyo karibu: chemchemi, kijito, au kipande cha miti. Ichaguliwe na siku moja ya kila mwezi, isiyobadilika.

2. Kikundi kiwe cha watu watano hadi kumi. Wasikosekane wazee wanaojua majina ya mimea na ndege kwa lugha ya mahali, akina mama wanaoteka maji na kuokota kuni, na vijana wanaojua kuandika vizuri. Kila mmoja ana elimu asiyo nayo mwenzake.

3. Linunuliwe daftari moja gumu, lenye safu za tarehe, saa, hali ya hewa, jina la kiumbe, idadi na maelezo. Jina la lugha ya mahali liandikwe kwanza. Jina la Kiswahili likijulikana liongezwe. Kila mwisho wa matembezi watu wawili watie sahihi.

4. Maji yapimwe. Ndoo ya lita 20 iwekwe chini ya mfereji wa chemchemi, na muda wa kujaa uhesabiwe kwa saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa lita 30 kwa dakika. Baada ya miaka mitatu, katika mwezi ule ule, ndoo ikijaa kwa sekunde 60, chemchemi inatoa lita 20 kwa dakika. Theluthi nzima ya maji imepotea, na hakuna aliyeiona ikiondoka.

5. Viota visiguswe, mayai yasiokotwe, na wanyama wasifukuzwe. Anayeingia katika shamba la mtu aombe ruhusa, na anayeingia katika msitu wa hifadhi apate kibali cha wanaohusika.

6. Katibu asome muhtasari wa daftari kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kama anavyosoma hesabu. Nakala itunzwe ofisini, mbali na mchwa na mvua.

Gharama ya yote haya ni daftari, kalamu na asubuhi moja kwa mwezi. Darubini ni msaada, si sharti.

MAADAMU MUDA UPO

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito, maziwa na vyanzo vingine vya asili vya maji. Sheria hiyo ni ngao nzuri, lakini sheria haina macho. Huwategemea wanaoishi hapo wajue chemchemi ilianzia wapi, miti gani ilikuwapo, na nani aliikata lini. Jirani anaposogeza shamba lake hatua mbili kila msimu, hakuna siku moja ambayo watu watashtuka. Miaka kumi baadaye chemchemi itakuwa ndani ya shamba, na wazee waliojua mpaka watakuwa wamekufa.

Kila mzee anayezikwa pasipo majina anayoyajua kuandikwa ni ukurasa uliochanwa kutoka katika leja ya chama. Wapo vijijini watu wanaojua hondohondo alikuwa akiota wapi, mti gani huonyesha kwamba maji yako karibu, na ni ndege yupi hulia mvua ikikaribia. Watu hao ni wanachama halali wenye hisa zao. Hawajapata kuulizwa.

Bodi ambayo itakutana mwezi ujao inaweza kuliweka jambo hili kwenye ajenda, kuchagua mahali na siku, na kumkabidhi mtu mmoja kalamu. Ukurasa wa kwanza utakuwa na majina machache na makosa mengi. Ukurasa wa kumi utakuwa bora zaidi. Na siku itakapofika ambapo mtu mwenye fedha au mwenye mamlaka atauliza kuna nini pale chemchemini, katibu atafungua daftari na kumsomea.